Masurufu Si Malipo

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, habari za asubuhi. Nawashukuru wahasibu mlioacha leja zenu mezani, na wanafunzi wa Kiswahili mlioacha vipindi vyenu, tukakutana ukumbi mmoja. Neno nililokuja nalo ni lenu nyote. Ninyi wahasibu mnaliandika kila wiki. Ninyi wa lugha mna ndugu yake wa damu kwenye majalada ya vitabu mlivyosoma tangu sekondari, ila huenda hamkuambiwa kuwa ni ndugu. Neno lenyewe ni masurufu, zile fedha anazopewa mtu ili afanye nazo kazi kisha alete hesabu.

Nianze na karatasi. Aliyewahi kutumwa safari ya kikazi anaijua fomu ya maombi ya masurufu. Juu kuna jina na cheo. Chini yake madhumuni ya safari, idadi ya siku, kisha kiasi cha fedha, kwanza kwa tarakimu na halafu kwa maneno. Mkuu wa idara anasaini, mhasibu anasaini. Na chini kabisa, mara nyingi kwa herufi ndogo kuliko zote, kuna tamko la mwombaji: nakubali kurejesha masurufu haya ndani ya muda uliowekwa, la sivyo nikatwe kwenye mshahara wangu.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilisaini fomu hiyo bila kuisoma hadi chini. Nilikuwa nakwenda kukusanya takwimu vijijini, na katika njia hiyo kulikuwa na mto unaovukwa kwa mtumbwi. Nikapewa fedha, nikazihesabu, nikamwambia mwenzangu, "Nimeshalipwa." Nilisafiri, nikafanya kazi, nikarudi. Wiki mbili baadaye nikaitwa ofisi ya uhasibu. Nilikuwa na stakabadhi mbili tu, ya nyumba ya wageni na ya basi. Mzee aliyekuwa pale mezani akaniuliza ya mtumbwi iko wapi. Nikamwambia mwenye mtumbwi hana kitabu cha stakabadhi. Akavua miwani, akaniambia neno ambalo sijalisahau: "Mwanangu, wewe hukulipwa. Ulichukua masurufu."

Mwisho wa mwezi nauli ya mtumbwi ilikatwa kwenye mshahara wangu, wakati mto niliuvuka kweli, kwenda na kurudi. Mpaka leo naona ofisi ile ingeweza kukubali karatasi yenye saini ya mvushaji, na nilisikitika sana. Lakini kwenye lugha mzee yule alikuwa sahihi kabisa. Tangu siku ile nimekuwa nikilifuatilia neno hili, maana niligundua kwamba jina lake lingetosha kunionya kabla sijasafiri, kama ningelijua lilikotoka.

Masurufu yametoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wa herufi tatu: swadi, ra, fa. Kitenzi chake ni sarafa, na maana yake ya msingi haina fedha ndani yake. Ni kugeuza kitu kutoka upande mmoja kwenda upande mwingine, kukiondoa hapa na kukielekeza kule. Waliosoma chuo cha Kurani watakumbuka Sura ya Al-Baqara, aya ya 164, inayotaja kugeuzwa kwa pepo, na neno lililotumika pale ni tasrif, la mzizi huu huu. Upepo uliokuwa unavuma huku sasa unavuma kule. Hiyo ndiyo picha ya kwanza ya mzizi wetu, na naomba muishike.

Sasa chukueni fedha. Umeketi na mfuko wa dinari, unataka rupia. Unamwendea mtu anayezigeuza. Kiarabu humwita mtu huyo sarraf, yaani mbadili fedha. Tawi hilo ndilo lililotupa sisi sarafu, vile vipande vya madini vinavyolia mfukoni. Na ukiutoa mfuko wako kwenye sanduku ukauelekeza kwenye mahitaji, nayo ni sarafa. Fedha zilikuwa zinaelekea kwako, sasa umezigeuza uso zielekee nje. Kilichogeuzwa hivyo, kikaelekezwa kwenye matumizi, Waarabu hukiita masruf. Kiliposhuka kwenye midomo ya watu wa pwani kikawa masurufu.

Na maneno nayo hugeuzwa. Kiarabu kina elimu inayochunguza jinsi neno moja linavyobadilika umbo: aliandika, anaandika, kilichoandikwa, mwandishi. Elimu hiyo inaitwa sarf, maana ndiyo kazi yake, kuligeuza neno huku na huku uone linatoa nini. Sisi tukaipokea kwa jina la sarufi, tukaipanua ibebe hata yale ambayo Waarabu huyaweka kando katika elimu ya nahau, yaani jinsi maneno yanavyopangwa katika sentensi. Kwa hiyo, vijana wangu, sarufi mnayofanyia mtihani, sarafu anayodai kondakta na masurufu anayoyasubiri mhasibu ni watoto wa tumbo moja. Mmoja hugeuza maneno, mmoja hugeuza aina ya fedha, mmoja hugeuza mwelekeo wa fedha. Miaka yote hii nimelisema jambo hili mara nyingi, na kila ninapolisema bado linanifurahisha.

Wapo watakaouliza hiyo u ya katikati imetoka wapi, kama Kiarabu ni masruf na sarf. Kiswahili hakipendi konsonanti mbili zigongane katikati ya neno, kwa hiyo kinatia irabu iwe daraja. Na inapofuata f, sauti ya midomo, daraja hilo mara nyingi huwa u, irabu ya midomo. Tazama harf, iliyozaa herufi. Tazama sarf, iliyozaa sarufi. Njia ni moja. Katika masruf tayari kulikuwa na u ndefu mbele ya f, nayo ikaivuta daraja ifanane nayo: ma-su-ru-fu.

Lililonishangaza zaidi ni hilo ma- la mwanzo. Kwa Kiarabu ni kiambishi cha jina la kitu kilichotendwa, wala halina uhusiano na wingi. Lakini sikio la Mswahili lilisikia ma-, likakumbuka matunda, malipo na matumizi, likaliingiza neno zima kwenye ngeli hiyo. Ndiyo maana tunasema masurufu haya, masurufu yamerejeshwa, masurufu yangu. Maarifa nayo yamepita njia hiyo: kwa Kiarabu ni kitu kimoja, kwetu ni maarifa haya. Wakati huo huo maktaba imekataa, tunasema maktaba hii. Kila neno lilipokelewa mlangoni na watu waliokuwa na kazi zao, hawakukaa kikao.

Zamani, kabla ya fomu na mihuri, masurufu yalikuwa ya nyumbani na ya njiani. Mtu alimwachia mkewe masurufu ya nyumba kabla ya kusafiri. Msafiri alitengewa masurufu ya safari, vyakula au fedha za kununulia vyakula. Ofisi ililichukua neno ambalo tayari lilikuwa na safari ndani yake, na hapo nawasifu waliolichagua. Lilikuwa na jirani yake, posho, chakula walichogawiwa wapagazi wa misafara. Posho nayo leo imevaa suti, tuna posho za vikao. Lakini posho ukishaipokea ni yako. Masurufu hayakuwa yako hata siku moja.

Mzizi huu haukuishia kwetu. Benki Kuu ya Libya kwa Kiarabu inaitwa masrif, na ya Qatar vivyo hivyo: mahali fedha zinapogeuzwa. Waturuki wana masraf, kwao ni gharama. Uajemi neno hilo limekuwa matumizi. Bara Hindi sarraf alikuwa mtu mkubwa sokoni, mbadili fedha na mpimaji wa fedha halisi na bandia, na Waingereza waliokuwa huko wakalitamka shroff. Kutoka hapo likapanda meli likafika Hong Kong. Leo ukiegesha gari katika maegesho ya jiji lile, kibanda unachokwenda kulipia kina kibao kilichoandikwa Shroff. Mtu wa Hong Kong anayelipia gari lake na mtumishi wa halmashauri anayesaini fomu ya safari wanatumia mzizi mmoja, na hakuna kati yao aliyewahi kumsikia mwenzake.

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Nilisema nimelipwa. Kulipa ni neno la namna nyingine kabisa, halikupanda jahazi. Ni la Kibantu tangu chimbuko, na ndugu zake wametapakaa. Wakikuyu husema kũrĩha. Wachewa wa Malawi husema kulipira. Washona wa Zimbabwe husema kuripa, na kwao neno hilo lina uzito mkubwa: ukoo uliomwaga damu ya mtu huripa, hutoa fidia kwa ukoo wa marehemu, roho yake itulie. Ukisikiliza Kiswahili kwa makini utaisikia sauti hiyo bado. Tunalipa deni, tunalipa fadhila, tunalipiza kisasi. Hata mkulima asiyemdai mtu husema Mungu atamlipa. Kulipa ni kurudisha kilichokuwa kinadaiwa, kiwe fedha, kiwe wema, kiwe ubaya. Wahenga waliposema dawa ya deni ni kulipa walilitumia neno kwa maana yake halisi: kulipa huponya kitu kilichokuwa kidonda, halafu kidonda kinafunga.

Kilatini, kwa kushangaza, kilipita karibu na hapo. Kitenzi cha Kiingereza pay kinatokana na Kilatini pacare, kutuliza, kwa sababu ni cha jamaa ya pax, amani. Unamtuliza anayekudai. Mshona na Mrumi hawakuulizana, lakini wote wawili walimwona mtu mwenye hasira mlangoni na wakajua kinachomwondoa.

Linganisheni basi. Malipo yanafunga jambo. Kazi imefanyika, deni limekuwepo, fedha zimetoka, tumemalizana. Masurufu yanafungua jambo. Kazi bado, deni halijawa la ofisi, limekuwa langu mimi niliyezishika. Fedha zimegeuzwa uso zikatoka Hazina, lakini hazijafika zinakokwenda, ziko njiani mikononi mwangu. Ndiyo maana wahasibu wanasema kurejesha masurufu, wala si kurejesha fedha peke yake. Unarejesha stakabadhi, unarejesha maelezo, unarejesha kilichobaki. Katika vitabu, siku unayoyachukua unaandikwa kama mdaiwa, na siku unayorejesha ndipo matumizi yanapoandikwa kuwa matumizi. Wenye kazi hii mnaniitikia kwa vichwa, nawaona.

Wakaguzi nao wanalijua jambo hili vizuri kuliko sisi. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye ofisi yake imewekwa na Ibara ya 143 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, huwa na hoja zinazohusu masurufu yasiyorejeshwa. Msomaji wa kawaida akilikuta neno hilo gazetini anadhani limeibwa fungu la fedha. Pengine ndivyo. Pengine ni mtu aliyevuka mto kwa mtumbwi. Hoja ya mkaguzi inasema tu kwamba kuna fedha zilizogeuzwa zikatoka, na hakuna aliyeleta habari zake. Tofauti hiyo ina uzito kwa jina la mtu, na nawaomba wanaoandika habari waitunze.

Hapa kuna mtego mmoja ambao hata wasomi wazuri wamenasa. Tuna neno israfu, kutumia kupita kiasi. Israfu, masurufu: masikio yanasema ni ndugu, na maana zinaelekea kusaidiana. Si ndugu. Israfu inaandikwa kwa sini, masurufu kwa swadi. Kwa Mwarabu ni sauti mbili mbalimbali na mizizi miwili mbalimbali, mmoja wa kuvuka mpaka, mwingine wa kugeuza. Kiswahili kilizimeza zote mbili kikatoa s moja, na sasa wageni wawili wasiojuana wanavaa kanzu moja. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba masurufu kwa asili yake yana ufujaji ndani yake. Hayana.

Ukitaka picha ya ufujaji, iko katika ubadhirifu. Hilo linatokana na Kiarabu badhara, kutawanya mbegu. Mtu amesimama shambani, anachota kwa konzi, anarusha. Kwa mkulima hiyo ni kazi njema. Kwa mtunza fedha ni msiba, maana kilichotawanyika hivyo hukikusanyi tena. Sisi tukalipokea badhiri, tukaliongezea -fu yetu wenyewe na u- yetu ya mbele, na hakuna Mswahili anayelitamka leo akiona mbegu. Mimi huziona. Ninapolisoma gazetini, ubadhirifu wa fedha za umma, naona mkono unarusha na ardhi inameza.

Na upande wa pili wa masurufu ni stakabadhi. Nalipenda neno hili. Mzizi wake ni kabadha, kushika kwa kiganja kilichofumbwa. Humo tumepata kukabidhi, yaani kukitia kitu katika kiganja cha mwingine, na humo tumepata kumwita mtu kabidhi, yule ambaye kiganja chake hakifumbuki. Stakabadhi ni ushahidi kwamba kiganja fulani kilipokea. Sasa mnaona jinsi meza ya mhasibu ilivyopangika: upande mmoja masurufu, kilichogeuzwa kikatoka, upande mwingine stakabadhi, kilichofumbatwa kikafika. Mzee yule aliyevua miwani alikuwa ananiuliza kiganja cha mwenye mtumbwi kiko wapi.

Nimeahidi kuwajibu wafasiri, maana mliniandikia kabla. Mnasumbuliwa na kitenzi cha Kiingereza disburse kwenye mikataba ya mikopo na ripoti za miradi, na wengi mnaandika kulipa. Tazameni kwanza picha ya neno lenyewe. Lilitoka Kifaransa, kutoka bourse, mfuko wa fedha, na bourse kwa upande wake ilitokana na Kigiriki byrsa, ngozi ya mnyama. Wareno husema desembolsar, kutoa kutoka bolsa. Kwa hiyo wao wanaona mkoba wa ngozi unafunguliwa na fedha zinatolewa ndani. Hawaoni deni, wala hawaoni mtu aliyetulizwa. Ukiandika kulipa umetia ndani ya mkataba deni ambalo halimo. Mkopeshaji anapotoa awamu ya kwanza ya mkopo hamlipi mtu. Bado yeye ndiye atakayelipwa.

Mimi huandika kutoa. Katiba yetu yenyewe ndivyo inavyosema: Ibara ya 136 ni ya masharti ya kutoa fedha katika Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali. Na katika hotuba za bajeti mtasikia fedha zilizoidhinishwa, kisha fedha zilizotolewa, na pengo kati ya hayo mawili ndilo wabunge wanalouliza. Kuidhinisha ni ruhusa. Kutoa ni fedha kuondoka kweli. Kulipa ni kumaliza deni. Kutumia ni kuzigeuza kuwa kitu. Mfasiri anayeyachanganya manne haya anampotosha mtu ambaye hana njia nyingine ya kuijua hati.

Nakubali kwamba kutoa kuna tatizo lake. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri: hapo ni kumpa mwingine. Lakini simama kwa wakala wa fedha za simu useme nataka kutoa, na wakala anaelewa kwamba unataka fedha zije mkononi mwako. Kitenzi kimoja, fedha zinakwenda pande mbili. Yote yanategemea umesimama upande gani wa mfuko. Kwa hiyo katika hati msiliache peke yake. Andikeni anayetoa, andikeni anayepokea: Benki itatoa fedha za mkopo kwa mkopaji kwa awamu tatu. Hapo hakuna atakayekosea.

Na mahali ambapo fedha zinatolewa kwa mtu ili afanye nazo kazi na alete hesabu, msitafute neno jipya, wala msiazime. Andikeni masurufu. Kuna dada yangu mmoja pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja mtumbwi, naona kama ana jambo la kuuliza kabla sijamaliza. Naam. Anauliza, kile kilichobaki mfukoni baada ya safari, ambacho hakikutumika, kinaitwaje, maana ofisini kwao wanasema chenji.

Kinaitwa bakaa. Ni wa ukoo wa baki na mabaki, na wahasibu wa zamani waliliandika hivyo kwenye safu ya mwisho upande wa kulia: bakaa ya masurufu, kiasi, tarehe, saini ya keshia. Mimi safari yangu ile bakaa ilikuwa noti moja na sarafu nne. Niliziweka mezani mbele ya yule mzee, akazihesabu moja moja kwa kidole, akaniandikia stakabadhi.